Plato na Sahani ya Watu

Kihispania changu kilikwama kwenye sahani. Nilikuwa nimekwisha kuvuka mlango, dirisha, kitanda na samaki, kila jioni neno moja, na nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa maana pale dukani Biashara Street, ambako meli ya watalii ikitia nanga sote twauza leso kwa ishara za vidole. Jioni moja mwalimu wangu akanyanyua sahani ya mamangu kutoka mezani, akasema, "Plato." Nami nikasema plato. Nikadhani tumemaliza, kesho ni kijiko. Tulikaa na neno lile mwezi mzima wa Shaabani, na Ramadhani ikaingia ikatukuta tungali nalo.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mpangaji wetu, mwanamke wa Kihispania wa umri wangu, aliyechukua chumba cha juu nyumbani kwetu Mji wa Kale. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu wa mbali lugha yake kwa kompyuta, na mradi mtandao upo, alisema, angeweza kukaa popote duniani. Akachagua kukaa juu ya vichwa vyetu. Tulipatana kwamba yeye atanipa Kihispania na mimi nitampa Kiswahili, na nadhani nilimpunja, kwa sababu Kiswahili chake karibu chote alikipata jikoni kwa mamangu, pamoja na kelele zake.

Vituko vilianza wiki ile ile aliyohamia. Mamangu alimpelekea mbaazi za nazi na mahamri, kama anavyompelekea kila anayelala chini ya dari lake. Asubuhi sahani ikarudi imeoshwa, imefutwa, inang'aa, na ndani yake hamna kitu. Mamangu aliitazama, kisha akanitazama mimi, maana kila kosa la nyumba ile lina mlango wa kwangu.

"Yuwaumwa huyu?" akauliza.

"Haumwi, mama. Hajui."

"Hata ndimu moja?"

Ikabidi nipande ngazi nikamweleze. Kwetu sahani ya mtu ikija na kitu hairudi tupu. Si lazima upike. Ndimu mbili tatu zatosha, au embe, hata konzi ya sukari. Lakini ukiirudisha hivi hivi umemwambia mwenyewe basi, tusijuane. Maskini, alijishika mashavu kwa aibu. Kwao, alisema, adabu ni kuirudisha safi, na mamake angemfokea vikali kama ingebakia alama ya mafuta.

Tangu siku hiyo akaegemea upande wa pili kwa nguvu zake zote. Sahani ilipanda na wali wa nazi, ikashuka na mayai yaliyokaangwa na viazi, mazito, ya duara, yamekatwa pembe pembe. Mamangu si mtu wa kushindwa kwake mwenyewe, akaipandisha na samaki wa kupaka. Ikashuka na nyanya zilizomiminiwa mafuta ya zeituni. Ikapanda na mkate wa sinia. Na aliyekuwa akipanda na kushuka nayo alikuwa nani? Ilifika mahali nikaomba wagombane japo siku mbili nipumzishe magoti.

Ndipo neno lenyewe likaanza kuvimba. Plato, kumbe, si chombo tu. Chakula kilichomo nacho ni plato. Mtu akisifu plato ya mamake hasifu udongo uliochomwa, asifu mapishi. Tena ni zamu ya kula: kuna plato ya kwanza, mtu akiimaliza huondolewa, ikaja ya pili. Nilipomfasiria mamangu hili aliwaonea huruma Wahispania wote.

"Hungoja?" akauliza. "Na mtu akishiba na ile ya kwanza?"

"Ala kidogo, mama, aache nafasi."

"Na nani awaambia ya pili itakuja?"

Kisha kuna plato ya bapa na plato yenye kina, ya mchuzi. "Hiyo yenye kina si sahani, ni bakuli," mamangu akasema. "Mwambie." Nikamwambia. Mwalimu akacheka, akasema atawaarifu wenzake. Kuna pia mtu alipaye sahani zilizovunjwa, ndiye anayebebeshwa lawama ya kosa la wenziwe. Mamangu alisema huyo hahitaji kufasiriwa, wamemtazama yeye wakatunga.

Sasa mpangaji wetu alipenda mno kusaidia kufuta vyombo, na alichokipenda zaidi kilikuwa chini ya vyombo. Penye harusi na Ramadhani sahani za nyumba nyingi huchanganyika, kwa hivyo kila mwanamke hutia yake alama chini kwa rangi ya kucha. Yetu ni mstari wa kijani. Nyumba ya pembeni wana herufi. Yeye alizigeuza zote, akazisoma, akafurahi. Siku moja akaingiza mkono rafu ya chini kabisa ya kabati, akatoa sahani pana, nyeupe, yenye maua ya samawati ukingoni, akaigeuza. Nukta mbili nyekundu.

"Mama, hii si ya kwetu," akasema. Alikuwa amekwisha kuwa wa kwetu.

Mamangu akamtoa ile sahani mikononi, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha ndani. "Ya watu hiyo," akasema. "Iwache."

Jioni yake nikamweleza mwalimu wangu, kwa Kiswahili, maana Kihispania changu hakikuwa na nguvu za kubeba habari ile. Nukta mbili nyekundu ni za jirani wa mkabala, ambaye dirisha lake na letu yatazamana juu ya kichochoro chembamba kiasi cha kupokezana chumvi. Yeye na mamangu walikuwa mashoga tangu usichana. Waliitana hivyo, shoga, kwa sauti za kusikika mpaka baharini, na mazungumzo yao yote yalikuwa ni kutukanana kwa mapenzi: umenenepa, umekonda, nani kakufunga hicho kilemba. Siku walipokuja watu kumposa dada yangu, jirani alileta sambusa asubuhi kwenye ile sahani, akakaa kusaidia. Mamangu alipika kaimati. Wakwe watarajiwa wameketi, wamejipanga, ndipo jirani akaokota kaimati moja, akaigonga kwenye ukingo wa sinia, akasema, "Shoga, hizi umepika za kula au za kutupia paka?"

Ilikuwa mzaha ule ule wa kila siku. Lakini siku hiyo palikuwa na watu. Wakwe walicheka, wakacheka sana, na mmoja wao naye akaigonga yake kwenye sinia. Mamangu alitabasamu mpaka wakaondoka. Kisha akafunga dirisha la upande ule. Posa ilikubaliwa hata hivyo, dada yangu sasa ana watoto wanaosoma shule, na dirisha lilikuwa halijafunguliwa.

Sahani ikabaki kwetu. Mamangu hakuweza kuirudisha tupu, maana hilo lingekuwa tusi, na yeye ni mtu wa adabu hata akiwa na hasira, hasa akiwa na hasira. Hakuweza kuirudisha na kitu, maana hiyo ingekuwa kuomba amani, na mwenye kosa si yeye. Kila Ramadhani aliitoa, akaiosha, akairudisha. Na nyumba yetu haikuona kaimati tena. Mji mzima wafungua kwa kaimati zilizovikwa shira, sisi twatazamana na tambi.

Mwalimu wangu alisikiliza yote, akasema kwao kuna maneno ya ugomvi kama huo: kitu bure katikati ya sahani mbili. Yaani umefunika sahani kwa sahani, watu wamengoja kwa hamu, ukifunua hamna kitu. Nilicheka peke yangu mpaka chini, lakini hayo sikumfasiria mamangu. Napenda maisha yangu.

Kumi la mwisho la Ramadhani habari ikaingia kichochoroni: mtoto wa jirani amemaliza nyumba yake ng'ambo ya daraja, Kisauni, na siku ya Idi atamhamisha mamake. Nyumba ya mkabala imekwisha kupata watu wengine.

"Aende salama salimini," mamangu akasema. Siku hiyo uji ulikuwa na chumvi badala ya sukari.

Sijawahi kumwona mtu ahangaike kwa kisingizio kizuri vile. Hakumtaja shoga yake hata mara moja. Alitaja sahani. "Sahani ya watu itabaki kwangu? Nikifa nayo n'tamjibu nini Mola?" Alikuwa akiitoa, akiiweka, akiitoa tena. Nikasema niipeleke mimi na pakiti ya biskuti kutoka dukani. Aliniangalia kwa masikitiko ya mzazi.

"Biskuti! Nimrudishie mwanamke yule biskuti?"

"Basi pika kaimati."

Hapo akaifuta sahani upya. Nami, ambaye subira yangu haifiki mbali hata nikiwa nimekula, sembuse nimefunga, nikapandisha sauti. "Mama, vuka kichochoro! Mlango ni ule! Nenda ukamshike mkono, tumalize, tule kaimati kama Waislamu wenzetu!"

"Na yeye yuna miguu," akasema.

Niliumia, kwa sababu mimi nalijua lile dirisha lililofungwa. Kila alasiri mamangu huketi nyuma yake, na mbao zake zina upenyo. Mvua ikianza ghafla yeye ndiye wa kwanza kujua kama leso za mkabala bado ziko kambani, na hunituma nimwambie mtu amwambie mtu. Alikuwa hamkosi shoga yake hata siku moja, na sasa angemkosa kabisa.

Kisha asubuhi moja akashuka jikoni amejaa nuru. Alikuwa ameipata njia.

"Mzungu wangu atapika," akatangaza. "Apike yale mayai yake. Sahani haitakwenda tupu, na mkono wangu haumo. Amana itafika, na mtu hataonja changu akapata la kusema."

Nilivua kofia nisiyokuwa nayo. Mwalimu wangu aliposikia ameteuliwa alikaribia kulia kwa fahari. Alasiri akakaanga mayai na viazi, huku mamangu amesimama begani kwake akisema tia pilipili, na yeye akisema hapana mama, na mamangu akisema haya, aibu ni ya nchi yako. Yakapakuliwa kwenye sahani ya maua ya samawati, yakafunikwa kawa, na mpangaji wetu akavuka kichochoro akiwa ameishika kwa mikono miwili.

Mamangu akaketi kuchambua mbaazi zilizokwisha kuchambuliwa. Wahispania wana maneno ya uso aliokuwa nao: uso wa mtu ambaye hajavunja sahani maishani mwake. Huambiwa mtu ajifanyaye hana makosa, naye ndiye aliyepanga yote.

Mpangaji aliporudi hakuwa na kitu mkononi. "Amenikaribisha," akasema. "Amehamisha mayai, ameosha sahani, ameigeuza, ameangalia nukta zake. Ameangalia sana. Kisha akasema nikwambie, amana imefika, ahsante."

"Alhamdulillahi," mamangu akasema. Jioni ile tulifungua kwa vicheko. Alimsifu mpangaji, aliyasifu mayai ambayo hakuyaonja, akanisifu hata mimi, jambo ambalo siku nyingine lingalinitia wasiwasi.

Baada ya kula akafungua kabati kuweka vyombo. Rafu ya chini palikuwa na pengo. Akachukua sahani yetu moja akaiweka pale, haikukaa sawa, akaitoa. Akaweka bakuli, akalitoa. Akakaa chini, pale pale sakafuni, mbele ya kabati lililo wazi.

"Sasa mimi sina chake," akasema, "na yeye hana changu."

Ndipo nikaelewa, na naona yeye naye ndipo alipoelewa, mwanamke mwerevu kuliko wote ninaowajua. Miaka yote ile sahani ilikuwa ikimngoja mmoja wao. Ilimradi iko kabatini, kulikuwa na siku moja, siku yoyote, ambayo mtu angelazimika kubisha hodi. Sasa sahani imerudi kwao ina chakula, kwa adabu kamili, na hakuna anayemdai mwenziwe hodi. Alikuwa amekata kamba kwa mkono wake mwenyewe, na tukampigia makofi. Mwalimu wangu akauliza kwa sauti ndogo kama amekosea tena. Nikamwambia hapana, safari hii tumekosea sisi wenyeji. Nilimhurumia mamangu, nikaketi naye pale pale sakafuni.

Siku ya Idi mamangu alivaa vizuri, akajifukiza udi, akaketi sebuleni amelipa mgongo dirisha. Nje mikokoteni ilikuwa ikipakiwa, maana gari haliingii kichochoroni. Tulisikia kitanda kikishuka ngazi, tukasikia kabati likigongwa ukutani na mtu akikemewa. Sauti ya kukemea tuliijua sote wawili. Mamangu alinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

Mpangaji wetu alikuwa amekwenda kutoa mkono wa Idi nyumba za jirani, yeye aliyekuwa sasa balozi wa pande zote. Akaingia mbio, amebeba kitu kilichofunikwa kawa.

"Mama, kimetoka mkabala."

Mamangu hakufunua. Alikinyanyua juu ya kichwa chake kutazama chini yake, na kama si mimi kushika ukingo, shira yote ingalimwagikia kanzu ya Idi. Nukta mbili nyekundu. Ilikuwa ile ile, sahani ya maua ya samawati. Akaiweka mezani, akafunua kawa. Kaimati, zimepangwa mpaka juu.

"Amenipa maneno niyaseme vile vile," mpangaji akasema, na akasimama wima kuyasema. "'Mwambie, sahani si ya haraka.' Lakini mama, mimi sielewi. Anahama leo! Nikamwambia ngoja, nitaitoa vitu niirudishe sasa hivi, asiende bila sahani yake. Amenikasirikia sana."

Mamangu aliisogeza sahani karibu yake. Akachukua kaimati moja, akaitia kinywani, akaitafuna taratibu, machozi yanamtoka bila yeye kuyaficha.

"Ngumu," akasema. Akachukua ya pili.

Kisha akainuka, akaenda kwenye dirisha lile, akavuta komeo. Lilikuwa limeshikana kwa kutu na rangi, ikabidi nimsaidie kusukuma. Mbao zikafunguka zote mbili kwa kishindo. Chini, jirani alikuwa akiteremka kizingiti chake, mtoto wake amemshika kiwiko, na wachukuzi wa mikokoteni, majirani na watoto wenye nguo mpya wamejaa kichochoro kizima.

"Shoga!" mamangu akaita, kwa sauti ambayo sikujua kama angali nayo. "Kaimati zako hizi, nimpe nani? Paka wamekataa!"

Watu wote wakatazama juu. Jirani akasimama. Aliinua uso pole pole, akajikinga jua kwa mkono, akamtazama mamangu.

"Umezeeka!" akajibu. "Meno huna! Ndoo kwangu Kisauni nikupikie uji!"

Kichochoro kikacheka, na safari hii mamangu alicheka kuwashinda wote, ameshika mbao za dirisha asije akaanguka.

Jioni mwalimu wangu alinipa la mwisho kuhusu plato. Kwao, watu wawili walioshibana, wasiofichana jambo, husemwa hula katika sahani moja. Nikamfasiria mamangu, nikidhani atafurahi.

"Na wengine hula wapi?" akauliza.

Baada ya Idi alipika kaimati, za kwanza tangu ile posa. Alizigonga moja moja kwenye ukingo wa sufuria kabla ya kuzipanga kwenye sahani ya watu. Nikamwitia tuktuk, akavaa buibui, akaipakata sahani magotini, na nikamsikia akimwonya dereva kuhusu matuta ya darajani kabla hata hajawasha. Alirudi jua limeshuka, sauti imemkauka kwa maneno. Mikononi mwake alikuwa na sahani ile ile, chini ya kawa ile ile, inanukia sambusa.

"Mama," nikasema, "si ulikwenda kuirudisha?"

"Ningeirudishaje?" akasema, akanipita kuelekea jikoni. "Yuna akili yule. Kaijaza."